Warega na vinyago vilivyopokonywa maneno yake

Ukizunguka maduka ya vinyago hapa Arusha utakuta kazi za Wamakonde, Wamasai wa mbao warefu kama vijiti, twiga wa kila saizi, na kwenye kona fulani, barakoa kutoka Kongo. Muulize muuzaji ile barakoa ina maana gani. Mara nyingi utajibiwa kwa kifupi: "Hiyo ya mizimu, kaka." Basi, biashara inaendelea.

Ndugu msomaji, leo nataka tuwazungumzie watu wanaoonewa sana na jibu hilo. Ni Warega, ambao wengine huwaandika Walega. Makazi yao ni misitu ya mashariki ya Kongo, hasa Shabunda na Mwenga katika Kivu Kusini, na Pangi katika Maniema. Kwao kinyago kilikuwa kitabu cha shule, na shule yenyewe iliitwa Bwami.

Warega hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Kwa majirani zao Wabashi, neno mwami lina maana ya mfalme. Kwa Warega, mwami ni mtu yeyote aliyeingizwa katika Bwami, chama chenye ngazi ambazo mtu alizipanda maisha yake yote. Idadi ya ngazi ilitofautiana kati ya eneo na eneo, lakini kwa wanaume zilianzia kongabulumbu, zikapanda hadi yananio, na kileleni ikawa kindi. Wanawake nao walikuwa na ngazi zao, na ya juu kabisa iliitwa bunyamwa. Mke alipanda pamoja na mumewe, na mume asingefika kileleni bila mke wa kupanda naye.

Kupanda hakukuwa suala la mali peke yake. Kweli, mali ilitakiwa: vyakula, zawadi, na mikufu ya makombe iliyotumika kama fedha. Lakini mtu alihitaji pia ndugu wa kumchangia na kumdhamini, na nani atamdhamini mgomvi? Kwa hiyo tabia yako ndiyo iliyokupandisha au kukubakiza chini.

Sasa vinyago vinaingia wapi? Katika sherehe za kumpandisha mtu ngazi, walimu walitoa vitu mbalimbali, wakacheza navyo ngoma na kuviimbia, na kila kitu kikaambatanishwa na methali yake. Si vitu vya kuchongwa tu. Magamba ya kakakuona, mafuvu ya nyani, manyoya na magamba ya kobe, vyote vilifundisha. Sanamu ndogo za mbao, mifupa na pembe za ndovu zilikuwa sehemu ya somo hilo hilo.

Chukua mfano wa Sakimatwematwe, yaani Bwana Vichwa Vingi. Ni sanamu yenye nyuso zaidi ya moja, zinazotazama kila upande. Mgeni akiiona atasema ni zimwi. Methali yake inamzungumzia mtu aliyemwona tembo ng'ambo ya mto mkubwa, na somo ni kwamba mzee anayestahili kuamua mambo ya watu lazima aone pande zote. Kuna nyingine inayoitwa Kakinga, msichana aliyekuwa mrembo akaangamia kwa uzinzi. Nyingine imeinua mikono juu, na inamhusu msuluhishi, yule anayeingia katikati ya ugomvi na kuumaliza. Kwa hiyo baadhi ya sanamu zilionyesha mtu wa kuigwa na nyingine mtu wa kuepukwa, na bila methali usingeweza kujua ipi ni ipi.

Hata barakoa hazikuwa za kuvaa usoni tu. Ile ndogo ya mbao yenye ndevu za nyuzi, inayoitwa lukwakongo, ilikuwa alama ya mtu aliyefika juu katika ngazi ya yananio. Ilishikwa mkononi, ikafungwa kwenye mkono au upande wa kichwa, ikatundikwa kwenye uzio, hata ikaburutwa chini kwa kamba yake, kutegemea somo la siku hiyo.

Waswahili husema kinyago ukichonga mwenyewe hakikutishi. Nadhani Warega wangekubali, kwa sababu kwao jina la mchongaji halikuwa na uzito mkubwa. Kilichokipa kitu uzito ni sherehe, maneno, na mikono iliyokishika. Wenyewe walivipaka mafuta ya nyonyo kama walivyojipaka miilini, ndiyo maana sanamu za zamani zinang'aa kwa wekundu au umanjano. Mwenye sanamu akifariki, iliwekwa kaburini kwake kwa muda, kisha ikarithiwa na ndugu aliyefikia ngazi hiyo. Aliyeirithi alirithi pia kumbukumbu ya walioishika kabla yake.

Jambo moja limenigusa zaidi. Kirega kina neno busoga, linalobeba wema na urembo kwa pamoja. Usione ajabu, kwani hata Kiswahili chetu kinasema "mtu mzuri", na hapo hujui kama anasifiwa sura au tabia. Warega walilichukua neno hilo kwa uzito, wakalijengea shule nzima.

Na pembe zile za ndovu nazo zina historia inayotugusa huku kwetu. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Maniema, ambako Tippu Tip wa Zanzibar alijijengea himaya ya pembe na watumwa. Kiswahili kilifika kule kwa njia hiyo hiyo. Ndovu mmoja wa msitu huo angeweza kuzaa mipira ya biliadi na funguo za piano Ulaya, au sanamu ya kumfundisha kijana wa Kirega asiwe mzinzi. Bei ya soko ilijua upande mmoja tu wa hesabu hiyo.

Kisha wakaja Wabelgiji. Serikali ya kikoloni iliitazama Bwami kwa mashaka: chama chenye siri, chenye wazee wanaosikilizwa kuliko chifu aliyeteuliwa na bwana mkubwa. Mwaka 1948 ikakipiga marufuku. Hebu fikiria serikali ifunge siku moja shule, mahakama na baraza la wazee, halafu iseme imezuia ushirikina! Miaka minne baadaye, mwaka 1952, mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alianza kazi miongoni mwa Warega, wazee wakamruhusu kuhudhuria sherehe zao na kuandika maelezo. Kitabu chake kuhusu utamaduni wao kilitoka mwaka 1973. Mengi ya maana ninazozitaja hapa dunia imezijua kupitia kazi yake.

Lakini vitu vyenyewe viliendelea kutoka. Leo vipo Tervuren, Ubelgiji. Vipo pia katika jumba la makumbusho la Fowler huko Los Angeles, ambako mwaka 2001 yalifanyika maonyesho makubwa ya vitu vya Warega vilivyokusanywa na Jay Last, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Fairchild Semiconductor.

Siku hizi kuna mjadala wa kurudisha. Sisi Tanzania tuna mfano wetu: barakoa ya Kimakonde iliyoibwa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam mwaka 1984 ilirudishwa mwaka 2010 na jumba la Barbier-Mueller la Geneva. Mwaka 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alikabidhi Kinshasa barakoa ya Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho. Mkopo! Mwenye mali anakopeshwa mali yake.

Naunga mkono kurudisha. Ila tusijidanganye kwamba ndege ikishatua, kazi imekwisha. Hapa Arusha mtu yeyote anaweza kununua rungu jeusi sokoni, lakini hawi laigwanani kwa kulishika. Rungu la laigwanani hukabidhiwa na watu, kwa baraka na maneno, na maneno hayo ndiyo uongozi wenyewe. Sanamu ya Kirega iko hivyo hivyo. Unaweza kuifunga kwenye boksi na kuirudisha Shabunda, lakini methali yake haisafiri ndani ya boksi. Ipo vichwani mwa wazee, katika eneo ambalo vita vya tangu miaka ya 1990 vimewatawanya watu wengi.

Ndiyo maana nawaomba vijana wenzangu wenye simu za kurekodi tusisubiri Mbelgiji mwingine. Nyumbani kwenu kuna kitu gani cha babu au bibi kilichotundikwa ukutani, na nani bado anajua maneno yake? Kamuulize wikiendi hii, kabla watoto wako hawajajibiwa kwamba "hiyo ya mizimu."