Kitabu Kidogo cha Mfukoni

Wako watu wadhanio ya kuwa kuandika sala ni desturi mpya, iliyokuja pamoja na kalamu na karatasi za shule. Sivyo. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya kaskazini, aliandika Maungamo yake yapata mwaka wa 397 hata 400, na katika kitabu kile, tangu mwanzo hata mwisho, husema na Mungu. Sisi tusomao twasikiliza mlangoni tu. Huko Uingereza John Wesley alianza mwaka wa 1725, naye angali kijana, kuandika kila siku jinsi alivyotumia saa zake mbele za Mungu. Walakini tusikawie kwa hao, kwa kuwa nchi zetu hizi zinacho kitabu chao.

Ni kitabu kidogo cha kutiwa mfukoni, cha kuandikia habari za kila siku. Mwenyewe alikuwa James Hannington, Askofu wa kwanza wa Afrika ya Mashariki ya Ikweta, aliyewekwa wakfu tarehe 24 Juni, 1884. Alipokuja mara ya kwanza, mwaka wa 1882, alishindwa na ugonjwa akarudi kwao. Mara ya pili alitoka Rabai tarehe 23 Julai, 1885, pamoja na wapagazi wapata 200, akishika njia ya Umasai kwenda Buganda. Alipofika kwa Sundu, mahali tupaitapo leo Mumias, alimwacha Padre William Jones pamoja na watu wengi wa msafara, akaendelea mbele na watu wapata 50.

Hakujua ya kuwa njia ile ya mashariki iliogopwa sana. Watu wa Buganda walikuwa na usemi wa zamani ya kwamba watakaoila nchi yao watatokea upande wa Busoga. Tena mwaka ule ule habari zilikuwa zimefika za Wadachi kujitwalia nchi za pwani. Basi tarehe 21 Oktoba alikamatwa katika nchi ya Luba, huko Busoga, akafungwa kibandani akingoja neno la Kabaka Mwanga.

Siku nane alifungwa, na siku hizo zote aliandika. Hapa ndipo tupendapo walimu wetu watazame vizuri, maana wengi hutazamia kuona maneno ya mtakatifu asiyetikisika. La! Aandika juu ya walinzi waliolewa wakapiga kelele usiku kucha. Aandika juu ya wadudu, na homa, na nguvu zake zinavyomwishia. Akiri wazi ya kuwa moyo wake umevunjika. Kisha, pengine katika ukurasa ule ule, aitaja zaburi aliyoisoma na jinsi ilivyomwinua: tarehe 28 Zaburi ya 27, na tarehe 29 Zaburi ya 30. Siku hiyo ya mwisho ataja tena fisi aliyelia karibu naye usiku, naye atumaini ya kuwa hatakuwa chakula chake kwa sasa. Twaona ya kuwa alikuwa bado aweza kucheka kidogo. Kwake wadudu na zaburi havikuandikwa katika vitabu viwili. Yote yalikuwa sala moja, kwa kuwa yote aliyaweka mbele za Mungu yule yule. Sisi wengine tukiandika sala twaisafisha kwanza, kama mtoto afutaye ubao kabla mwalimu hajapita.

Siku ile ile ya 29 Oktoba, 1885, aliuawa, na watu wake pamoja naye. Waliookoka walikuwa wanne tu. Kitabu kiliangukia mikononi mwa wengine, kisha kikanunuliwa na Mkristo, kikapelekwa Uingereza, na mwaka wa 1888 E. C. Dawson akakipiga chapa pamoja na habari nyingine za safari zake. Pana neno moja hapa litutatizalo. Bwana wetu alituamuru kuomba kwa siri, mlango umefungwa. Na sala hizi za kibandani zimeuzwa madukani. Hatumlaumu aliyezipiga chapa, kwa kuwa wengi wametiwa nguvu nazo. Lakini mtu aandikaye leo heri aandike kana kwamba hakuna mwingine atakayesoma. Akianza kuwafikiria wasomaji, mara hiyo amekwisha kugeuza uso wake.

Tena pana neno lililo zito zaidi. Askofu alikuwa na kitabu. Wapagazi hawakuwa nacho. Wao nao walifungwa, wao nao walingoja, na katika hao walikuwamo waliofundishwa kuomba katika vijiji vya misheni karibu na Mombasa. Waliomba nini usiku ule? Hakuna karatasi ituambiayo. Kila mara tusomapo habari za Hannington yatupasa kuukumbuka ukurasa huo usioandikwa.

Ila mmoja wa upande wao aliandika. Padre Jones alikuwa Myao, alitekwa utumwani utotoni, akaokolewa na kusomeshwa Nasik katika Bara Hindi. Hannington mwenyewe alimpa ushemasi mwaka ule wa 1885. Huko kwa Sundu naye alikuwa na daftari yake, akaandika siku kwa siku: jinsi habari mbaya zilivyofika, jinsi alivyokataa kuziamini upesi, jinsi alivyongoja kama labda yuko mwingine aliyeokoka. Mwisho akawaongoza waliosalia kurudi pwani. Walipoingia Rabai, mwezi wa Februari, 1886, mbele yao ilichukuliwa bendera ya buluu, na juu yake herufi nyeupe za neno moja kutoka kitabu cha kwanza cha Samweli: Ikabodi.