Neno "Kukataa" katika Jalada la Mgonjwa

Wanafunzi wangu wa historia hudhani kwamba nyaraka za kisiasa ni mikataba, sheria na hotuba za viongozi. Kila mwaka mimi huwapa pia maelezo ya daktari kuhusu msichana aliyekonda, kisha nawauliza: mwandishi huyu anamlaumu nani?

Daktari huyo ni William Gull wa London. Mwaka 1873 aliwasomea madaktari wenzake habari za wasichana waliodhoofika mno kwa kutokula, ilhali hakuona ugonjwa wowote katika mapafu wala matumbo yao. Maelezo hayo ndiyo yaliyoeneza jina la anoreksia nevosa. Mwaka huohuo, mjini Paris, Charles Lasègue alichapisha uchunguzi wake kuhusu maradhi hayohayo, akiyahusisha na histeria.

Tumpe Gull haki yake kwanza. Alipima kabla ya kuhukumu. Bi A, msichana wa miaka 17, alifika kwake Januari 1866. Gull alihesabu mapigo yake ya moyo, 56 hadi 60 kwa dakika. Akasikiliza mapafu, akayakuta mazima. Akaandika kwamba hedhi ilikuwa imekoma kwa karibu mwaka mzima. Alimpa dawa za kwinini, za chuma, hata za zebaki, kisha akakiri kwa maandishi kwamba hakuna iliyofaa kitu. Akasema wazi kwamba hali ile ilikuwa njaa tupu. Alimfuatilia hadi Machi 1868, afya yake ilipokuwa imerejea. Bi B naye aliletwa mwaka huo akidhaniwa ana kifua kikuu kilichojificha, na jamaa zake walikwisha kushauriwa wampeleke kusini mwa Ulaya.

Waraka huohuo, hata hivyo, una upande wa pili. Gull aliagiza kwamba matakwa ya mgonjwa yasisikilizwe katika suala la kula, na akawataja jamaa kuwa wauguzi wabaya kuliko wote. Lasègue aliitazama familia kwa karibu zaidi: aliona kwamba ilibaki na njia mbili tu, kubembeleza na kutisha, na zote mbili zilishindwa. Basi mgonjwa akaonekana mkaidi, na ndugu zake wakaonekana kikwazo.

Hukumu hiyo ilidumu zaidi ya karne. Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, katika matoleo ya 1980 na 1994, ulitaja "kukataa" kudumisha uzito. Toleo la 1994 lilidai pia kwamba hedhi iwe imekoma, kana kwamba wanaume hawaugui. Mwaka 2013 mambo yote mawili yaliondolewa. Sasa daktari huandika kwamba mgonjwa anapunguza chakula, ana hofu kali ya kunenepa, na hauoni mwili wake wala hatari yake kama ulivyo.

Mabadiliko hayo hayakuwa adabu ya maneno tu. Kati ya 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula kwa miezi kadhaa wanaume 36 wenye afya waliojitolea. Wengi wakawa wenye hasira na huzuni, wakajitenga, wakawaza chakula mchana na usiku. Kumbe njaa yenyewe hubadilisha akili. Sehemu ya kilichoitwa ukaidi ni dalili. Nao utafiti wa Gerald Russell na wenzake, uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 1987, ulionesha kwamba vijana waliougua mapema na kwa muda mfupi walinufaika zaidi pale familia iliposhirikishwa katika tiba. Wauguzi wabaya wa Gull wakawa nguzo ya matibabu.

Nawaandikia hasa mlio katika ofisi za umma, kwa kuwa nanyi mnajaza majalada kila siku: mwanafunzi ni mtoro, mzazi amegoma, mgonjwa amekataa tiba. Neno moja likishaingia katika jalada, atakayelisoma kesho hatauliza tena kwa nini. Tuige kipimo cha Gull na ujasiri wake wa kuandika kwamba dawa zake hazikufaa. Hukumu yake tusiirithi. Tuandike tulichokiona na tulichokipima, na kabla ya kuandika kwamba mtu amekataa, tumuulize kwanza ni nini kinachomzuia.