Sumu Iliyofichwa kwa Siki

Waliofanya kemia kidato cha nne wanaujua ule mtihani. Unapewa unga usio na jina. Unaujaribu kwa maji, halafu asidi, halafu magadi, na kwa kuangalia unapoyeyuka na unapogoma unaanza kukisia ni wa ukoo gani. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba kuna mtu alinyongwa kwa mantiki hii. Sawa, hakunyongwa; alikatwa kichwa.

Novemba 1850, katika jumba la Bitremont huko Ubelgiji, Gustave Fougnies alikufa akila chakula kwa dada yake Lydie. Mume wa Lydie, Hippolyte de Bocarmé, alikuwa na jina la kikabaila na madeni mengi, na shemeji huyo alikuwa na mali. Siki ilimwagwa mdomoni mwa marehemu, ati kufuta harufu.

Arseniki ilikuwa na kipimo chake tangu 1836, cha James Marsh. Sumu za mimea hazikuwa nacho: ukichoma nyama ili uitafute, sumu nayo inaungua. Jean Servais Stas, mwanakemia wa Brussels, hakuchoma kitu. Alitumia alkoholi, maji na etha.

Hapa ndipo pananifurahisha. Nikotini ni besi. Kwenye asidi inageuka chumvi, nayo chumvi hukaa majini, haitaki etha. Tia potashi, chumvi inavunjika, nikotini inakuwa huru na sasa inahamia kwenye etha. Etha ikipeperuka, kinabaki kimiminiko chenye harufu kali ya tumbaku. Na siki je? Ni asidi. Chumvi ya nikotini haipeperuki kirahisi, kwa hiyo nadhani yule kabaila alimhifadhia Stas ushahidi kwa mkono wake mwenyewe.

Bocarmé aliuawa Mons, Julai 1851. Lydie, aliyeshtakiwa pamoja naye, aliachiliwa.

Baadaye Mjerumani Friedrich Julius Otto aliongeza hatua moja: osha kwanza kwa etha maji yakiwa bado na asidi, mafuta na uchafu vitoke. Miaka ya mwanzo ya 1920, Oliver Kamm, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alichapisha kitabu kilichopanga misombo ya kikaboni kwa makundi ya uyeyukaji. Fenoli huyeyuka kwenye sodiamu haidroksaidi lakini kwa kawaida hugoma kwenye magadi. Asidi ya kaboksili huyeyuka kwenye zote mbili. Amini hutaka asidi. Ni ule ule mtihani wetu, bila maiti.