Nusu Daftari la Pinboli

Kaka yangu ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa pili wa milima ya Uluguru, mahali ambapo ukitaka mtandao unapanda juu ya jiwe lililo nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu. Mwaka jana, nikiwa nyumbani kwa likizo ya chuo, alinipigia simu akiwa juu ya jiwe hilo.

"Mdogo wangu, upo Kilakala?"

"Nipo, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Nina kazi yako. Nitafutie maelekezo ya zile meza za pinboli, yale marefu yanayoeleza kila meza inavyochezwa. Yaweke kwenye flashi. Jumamosi nashuka."

Nilicheka. Nasoma shahada ya uzamili katika historia, nimezoea kutumwa vitabu na fomu za maombi ya kazi, si maelekezo ya mchezo. Lakini kaka hakuwa anatania. Kwenye kompyuta yake alikuwa na meza kadhaa za pinboli alizozipakua akiwa mjini. Zinafunguka bila mtandao, ila maelezo yake marefu yapo mtandaoni. "Bila maelekezo," alisema, "ni kurusha gololi tu." Kisha simu ikakatika.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: pinboli ni meza ya kuinama, yenye kioo juu na gololi ya chuma ndani. Unaivuta springi, gololi inapanda, inagonga vizuizi vinavyotoa alama, kisha inateremka. Chini kuna vibawa viwili unavyovirusha kwa vitufe ili gololi isiangukie shimoni. Kampuni ya Gottlieb ya Chicago ilitoa meza iitwayo Baffle Ball mwaka 1931, ikauzwa kwa wingi wakati Marekani ikiwa kwenye njaa ya mdororo wa uchumi. Meza hizo za mwanzo hazikuwa na vibawa. Ulirusha gololi ukabaki kuomba Mungu. Ndiyo maana wakubwa wa miji waliuona kuwa ni kamari, na jiji la New York likaupiga marufuku mwaka 1942. Vibawa vilikuja mwaka 1947, kwenye meza iitwayo Humpty Dumpty, na kuanzia hapo mikono ya mchezaji ikawa na neno. Hata hivyo New York haikuondoa marufuku yake hadi 1976, baada ya kijana aitwaye Roger Sharpe kucheza mbele ya madiwani na kuwaonyesha kwamba ni ustadi.

Kwenye meza za chuma na mbao, maelekezo yalikuwa kadi ndogo chini ya kioo, karibu na mikono ya mchezaji. Maneno machache tu, kwa sababu mengine uliyaona kwa macho: taa imewaka, mlango umefunguka, njia hiyo hapo. Meza za kompyuta zilipokuja, kanuni ziliongezeka na kujificha ndani ya programu. Huwezi kufunua kioo ukatazama nyaya. Usipoambiwa, hujui.

Mimi na kaka tuliijua pinboli kupitia meza moja tu, ile ya chombo cha anga iliyokuja na Windows XP. Wengi wenu mlioguswa na kompyuta za shule au za steshenari mnaikumbuka, hata kama hamkujua jina lake: Space Cadet. Ilitoka mwaka 1995, ikapitia matoleo kadhaa ya Windows hadi ikatufikia sisi. Hapa kwetu ilifika ikiwa imechelewa, kama vitu vingi vya kompyuta. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo hilo likadumu hadi miaka ya tisini kuanza. Mkongo wa kwanza wa baharini, SEACOM, ulitufikia Dar es Salaam Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ilikuwa ya setilaiti, ya bei, ya kupimwa kwa dakika.

Tulikuwa tukienda kwenye chumba kimoja cha kompyuta mjini. Kulikuwa na bei mbili: ya kukaa na intaneti na ya kukaa bila intaneti. Sisi tulikuwa watu wa bei ya pili. Mimi nilikuwa shule ya msingi, kaka kidato cha pili. Bila intaneti ulikuwa na vitu vinne vya kufanya: kuandika barua, kuchora, kucheza karata na kucheza pinboli. Kaka alicheza pinboli. Siku moja akabonyeza neno Help juu ya dirisha, na maelezo yakafunguka palepale, bila mtandao wala malipo ya ziada. Yalikuwa ya Kiingereza. Kaka alifungua begi, akatoa daftari la kaunta buku, akaanza kunakili.

Alinakili kwa wiki kadhaa. Muda wa kucheza akaugeuza wa kuandika, jambo lililonikasirisha sana kwa sababu na mimi nilikuwa nasubiri zamu. Nyumbani alikaa na kamusi akatafsiri. Alipokuwa na hela ya nusu saa tena, tulienda na daftari, yeye akicheza, mimi nikisoma kwa sauti: piga shabaha tatu kwanza, kisha panda njia ya juu kukubali safari, angalia mafuta, yakiisha safari imevunjika.

Sasa nakuja kwenye sehemu inayoniuma. Kaka aliponituma kazi ile, wazo langu la kwanza lilikuwa lile daftari. Nilimuuliza mama.

"Daftari gani?"

"La kaka. La bluu. Lilikuwa na mchoro wa roketi mbele."

Mama alinyamaza kidogo. Kwa miaka mingi mama ameuza karanga za kukaanga pale nje. Makaratasi ya nyumba yetu yote, pamoja na mitihani yangu ya darasa la saba, yamepita kwenye mikono yake yakawa vifuko.

"Mwanangu," akasema, "mimi niliona ni michezo."

Hakukosea, ilikuwa michezo. Alikwenda chumbani, akarudi na kilichobaki: jalada la nyuma na kurasa 11. Kwa nini hakuzimaliza hajui.

Kwenye kurasa hizo kuna orodha ya vyeo. Katika Space Cadet mchezaji anaanza kama mwanafunzi wa jeshi na kupanda ngazi 9 hadi mkuu wa manowari zote. Kaka hakutafsiri kwa kamusi. Aliandika kwa jeshi analolijua. Mwanzo kabisa ni Kuruta. Kisha Luteni, Kapteni, na kuendelea. Cheo cha mwisho, ambacho hatukuwahi kukifikia, aliandika: Amiri Jeshi Mkuu. Yale mashimo ambayo gololi inaingia hapa na kutokea kule aliyaita mashimo ya panya. Pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu jambo ambalo halikuwa kwenye maelezo ya kompyuta: "Usivute springi mpaka mwisho. Taa za njano zihesabu." Hilo aligundua mwenyewe.

Katika masomo yangu nimesoma juu ya Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mchongaji na mnakili wa hati. Aliandika tendi kwa khati ya Kiarabu, nyingine kwa ajili ya wasomi wa Ulaya, na baadhi ya nakala zake leo zipo London na Ujerumani. Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nako kuna hati za Kiswahili zilizokusanywa na J. W. T. Allen miaka ya 1960. Nikiwa darasani nilijifunza kuuliza maswali juu ya nakala za namna hiyo: nani kanakili, lini, kwa ajili ya nani, na kabadilisha nini? Niliona ni maswali makubwa ya watu wakubwa. Sikuwahi kuyauliza kuhusu daftari lililokuwa chini ya kitanda chetu. Kama ningeyauliza miaka 5 mapema, lingekuwa zima.

Msomaji anaweza kusema utendi ni utendi, na pinboli ni pinboli. Ni kweli. Lakini sipimi uzito wa vilivyonakiliwa, natazama kazi yenyewe. Anayenakili ni mtu aliyeamua kwamba kitu hiki kitahitajika wakati chanzo chake hakipo karibu. Nchini kwetu uamuzi huo umefanywa mara nyingi, na si na watoto tu. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kilianza kutoa maktaba ya majarida ya kilimo iitwayo TEEAL, ikiwa kwenye CD zaidi ya 100, kwa ajili ya vyuo vya nchi ambazo mtandao haukuwa wa kutegemewa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapahapa Morogoro, kilikuwa miongoni mwa watumiaji wake. Maarifa ya mtandao wakati mwingine yalitufikia kwa sanduku.

Na vyanzo hufa kweli. Mwaka 2018 kampuni ya FarSight, iliyotengeneza The Pinball Arcade, ilipoteza leseni ya meza za Williams na Bally, na baada ya Juni 30 meza hizo hazikuuzwa tena humo. Space Cadet yenyewe haikuingia kwenye Windows Vista. Mhandisi wa Microsoft, Raymond Chen, alieleza sababu mwaka 2012: walipoihamishia kwenye kompyuta za biti 64, gololi ilianza kupenya vitu badala ya kuvigonga. Walifungua msimbo kutafuta kosa. Uliandikwa na kampuni ya nje miaka mingi nyuma, na sehemu kubwa haikuwa na maelezo yoyote. Hawakuelewa unavyofanya kazi, wakauacha mchezo. Hebu fikiri: ofisi yenye wahandisi wa kila aina ilishindwa kwa kukosa kitu ambacho kaka yangu alikuwa nacho kwenye kaunta buku, yaani maandishi ya mtu anayeeleza hiki kinafanya nini.

Mimi mwenyewe nilishalipa gharama ya kutonakili. Nilipoandika pendekezo la utafiti wangu, niliweka viungo 40 hivi vya kurasa kwenye kivinjari nikaamini nina vyanzo. Miezi michache baadaye viungo 6 vilifungua ukurasa mtupu, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa msingi wa hoja yangu nzima. Kiungo si nakala. Ni ahadi ya mtu mwingine.

Kwa hiyo Ijumaa ile nilinunua bando la usiku, nikaweka chai, nikaanza. Nilijifunza mambo kadhaa ambayo yatamfaa yeyote mwenye ndugu juu ya jiwe. Kwanza, ukihifadhi ukurasa kama PDF, sehemu zilizokunjwa hubaki zimekunjwa. Zifungue zote kwanza, la sivyo utapata vichwa vya habari bila habari. Pili, teremka hadi mwisho kabla ya kuhifadhi, maana picha nyingine hazijipakii mpaka uzifikie. Mchoro wa meza usipokuwepo, maneno "njia ya kushoto" hayana maana. Tatu, zima mtandao kisha ulifungue faili. Nakala ambayo hujaifungua bila mtandao bado si nakala. Nne, weka jina la aliyeandika na tarehe uliyochukua, juu kabisa. Waandishi wengi wa maelekezo haya ni wachezaji wa kawaida waliojitolea usiku wao. Mnakili wa zamani alitaja jina lake na tarehe mwishoni mwa hati. Sioni kwa nini sisi tuwe na adabu pungufu. Tano, weka mahali pawili. Flashi hupotea mfukoni kwenye bodaboda kama shilingi mia.

Kufikia alfajiri nilikuwa na maelekezo ya meza 14. Kisha nikapiga picha zile kurasa 11 za daftari, moja moja, dirishani ambako mwanga wa asubuhi unatoka upande wa mlima, nikaziweka kwenye flashi ileile. Faili nililiita kwa jina la kaka na mwaka aliouandika.

Jumamosi kaka alishuka na vumbi lake. Alimsalimia mama, akala, akachomeka flashi. Alipita meza zote 14 akiitikia kwa kichwa. Alipofika kwenye daftari alisimama.

"Hili limetoka wapi?"

Nilimwangalia mama. Mama alikuwa anachambua karanga, hakuinua uso.

"Mama alilihifadhi," nikasema.

Kaka alisoma orodha ya vyeo mpaka chini, akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaniomba karatasi na kalamu. Wanafunzi wake wa darasa la sita, alisema, wanacheza kwa zamu siku ya Ijumaa, kompyuta moja watoto wote, na Kiingereza cha maelekezo kinawashinda. Akaanza kuandika kwa Kiswahili, polepole, kwa mwandiko wa ubaoni. Mama aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na daftari jipya la kaunta buku ambalo hata bei yake haijabanduliwa.

"Andika humu," akamwambia. "Na ukimaliza, mpe mdogo wako apige picha."