Nchi za Rehani: Wabelgiji Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, 1916–1921

Kirungu, nchini Kongo, imekaa juu ya uwanda, bandari ya Moba ikiwa chini yake, na ng'ambo ya ziwa ndiko Tanzania. Hapa ndipo Stefano Kaoze alipopadirishwa Julai 21, 1917, akawa padri wa kwanza mzalendo wa Kongo ya Wabelgiji. Siku hiyo Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa bado vinaendelea Afrika Mashariki, lakini ziwa lilikwisha kupata mwenyewe mpya.

Kisa kilianza Agosti 1914, meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ilipoipiga mizinga Lukuga, kwenye Kalemie ya leo. Mwaka uliofuata reli ya kutoka Kabalo ikafika ziwani. Zikaletwa ndege za kutua majini, nao Waingereza wakaburuta boti zao mbili, Mimi na Toutou, kupitia Katanga. Februari 1916 Hedwig ikazamishwa. Julai Wajerumani wakaizamisha wenyewe Graf von Götzen na kuihama Kigoma, na Septemba 19 jeshi la Kibelgiji la Jenerali Charles Tombeur likaingia Tabora. Askari wake walikuwa Wakongomani, nyuma yao maelfu ya wapagazi.

Mpango wa baada ya vita ulianzia hapo, miaka miwili kabla adui hajasalimu amri. Tabora Wabelgiji waliwaachia Waingereza mapema 1917. Rwanda, Urundi na Kigoma wakazishika chini ya kamishna wa mfalme, Justin Malfeyt, kama mtu ashikavyo rehani. Hesabu yao ilikuwa hivi: Uingereza ichukue ardhi hizo, Ureno ifidiwe kipande cha kusini, nayo Ubelgiji ipate ukingo wa kusini wa mlango wa mto Kongo.

Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo, Novemba 25, 1918, majuma mawili baada ya vita kusimama Ulaya. Alikuwa na Wazungu 155 na askari 1,168. Askari waliishia kambini Tabora. Wazungu walipofika Kigoma kwa meli, Wabelgiji walikuwa wamewaandalia meza ndefu zenye vitambaa, na divai nyekundu juu yake. Baadaye von Lettow aliandika kwamba hawakuwa wameona meza kama zile kwa miaka. Mwenye nyumba wa jana alikaribishwa kwake kama mgeni.

Lakini Ureno ilikataa ile biashara ya kubadilishana ardhi.

Mei 30, 1919, Pierre Orts wa Ubelgiji na Lord Milner wa Uingereza wakaafikiana: Rwanda na Urundi zibaki kwa Ubelgiji, Kigoma na Ujiji ziende kwa Mwingereza. Makabidhiano yakafanyika Machi 1921. Mwezi huohuo mkataba mwingine ukawapa Wabelgiji viwanja katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo, Rwanda na Urundi ipite bila ushuru. Viwanja hivyo vikajulikana kama Belbase, na shehena ya Kalemie ikaendelea kushushwa kwenye gari moshi Kigoma, ikisubiri meli ya kuivusha ziwa.