Herufi ya Kwanza Iliyopambwa: Kutoka Mainz hadi Mbozi

Herufi ya mwanzo iliyopambwa, yaani herufi ya kwanza ya sura inayoandikwa kwa ukubwa wa mistari kadhaa na kuzungushiwa majani, maua au picha, ilianzia katika vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono, ambavyo vingi havikuwa na namba za kurasa wala nafasi baina ya aya, hata msomaji akahitaji alama ya kumwonyesha mahali habari mpya inapoanzia.

Johannes Gutenberg alipochapa Biblia yake mjini Mainz, Ujerumani, mnamo mwaka 1455, mtambo ulichapa maandishi na kuacha nafasi tupu mwanzoni mwa sura, kisha mafundi wa rangi wakazijaza kwa mkono, ndiyo maana nakala zilizosalia hazifanani kwa mapambo. Mwaka 1457 Johann Fust na Peter Schöffer walitoa Zaburi ambayo herufi zake kubwa zilichapwa kwa wino mwekundu na wa buluu, lakini kazi hiyo ilikuwa nzito mno kuigwa na wengi.

Ufumbuzi uliodumu ulitokana na mbao. Herufi ilichongwa kwenye kipande cha mti kwa kuondoa sehemu zisizotakiwa kugusa wino, nacho kikafanywa kuwa na kimo sawa na herufi za risasi, hivyo pambo na maneno yakachapwa kwa mkandamizo mmoja. Erhard Ratdolt, mchapaji wa Augsburg aliyefanya kazi Venice kuanzia mwaka 1476, alisifika kwa herufi za namna hiyo, nyeupe juu ya usuli mweusi. Kwa kuwa kipande kimoja kilitumika katika vitabu vingi, nyufa zake huwawezesha wataalamu wa leo kumtambua mchapaji ambaye hakutaja jina lake.

Katika pwani ya Waswahili haja hiyohiyo ya kumwonyesha msomaji mwanzo ilitimizwa kwa njia nyingine. Hati ya Kiarabu haina herufi kubwa, kwa hiyo wanakili wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walielekeza ufundi wao kwenye kurasa za ufunguzi wa Kurani na vichwa vya sura, wakavipamba kwa fremu na rangi.

Katika eneo ambalo tangu mwaka 2016 ni Mkoa wa Songwe, Tanzania, wamisionari wa Kanisa la Moravian walifungua kituo cha Mbozi mwaka 1899, na mmoja wao, Traugott Bachmann, akatafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha. Wakati huo uchapaji wa mashine ulikuwa umeenea, na mapambo ya kuchongwa hayakuwa tena ya lazima. Hata hivyo, katika Biblia nyingi zinazosomwa leo katika miji ya Vwawa na Tunduma mkoani humo, namba kubwa ya sura, inayochukua mistari miwili, inafanya kazi ileile ya herufi ya kale.

Kompyuta sasa inamwezesha yeyote anayepanga kitabu cha nyimbo au kijitabu cha shule kuikuza herufi ya kwanza kwa kubofya mara moja. Wepesi huo usiwe sababu ya kuitawanya ovyo, kwa maana herufi kubwa ikiwekwa kila aya haionyeshi tena chochote, bali ikitengwa kwa ajili ya mwanzo wa kweli inamheshimu msomaji, hasa mtoto anayejifunza kusoma, kwa kumwambia waziwazi aanzie wapi.