Miguu ya Nyuma ya Padre

Padre ni sungura. Tulimpa jina hilo kwa sababu ya ukosi mweupe ulio shingoni mwake, kichwa cheusi mbele na mgongo mweusi nyuma, kama kasisi anayeenda kusoma misa. Alifika kwetu Nyamache nikiwa kidato cha kwanza, ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, na sasa ni miaka tisa. Ndugu zake wote waliliwa kitambo.

Asubuhi moja nilimkuta amelala kwenye mkojo wake. Miguu ya mbele inavuta, ya nyuma inafuata kama gunia. Nilimtoa nikamweka kwenye nyasi, akajaribu hatua tatu, akaanguka upande.

Magokoro alikuwa mlangoni akichambua managu. Akamtazama, akanitazama mimi. "Mjukuu wangu, huyo amemaliza. Weka maji jikoni." Hakusema kwa ukatili. Kwetu sungura anafugwa miezi michache halafu anaingia sufuriani, kwa hiyo sijawahi kukutana na mtu hapa anayejua uzee wa sungura unafananaje. Hata yule Sungura wa hadithi, anayemchezea fisi, hazeeki. (Na kusema kweli yule ni mnyama mwingine kabisa, sungura wa porini wa huku kwetu. Ukoo wa Padre ulitoka Uhispania na Ureno.) Niliomba wiki moja. Magokoro akasema haya, lakini taulo la kumpangusa lisiwe lake.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, nikisomea historia. Karo ilikwama, nikakwama nayo. Sasa naandika makala kwa malipo ya kubahatisha, na kutibu mnyama sijui. Ninachojua ni kutafuta jambo limetoka wapi. Basi usiku ule, bando ikiwa inakata roho, nilitafuta watu walianza lini kuandika kuhusu sungura waliopooza. Nilitarajia kukutana na mfugaji. Nikakutana na Louis Pasteur.

Miaka ya 1880, jijini Paris, Pasteur na mwenzake Émile Roux walikuwa wanatafuta chanjo ya kichaa cha mbwa. Virusi vyenyewe hawakuweza kuviona kwa hadubini za wakati huo, wala kuvikuza kwenye chupa. Ilibidi vikae ndani ya kiumbe hai, na kiumbe waliyemchagua ni sungura. Mbwa mwenye kichaa anauma watu. Sungura kwa kawaida anapooza tu, kimya kimya, halafu anakufa. Ukiwa na maabara nzima ya kulinda, unaelewa kwa nini walimpenda.

Walichukua ubongo wa sungura aliyekufa, wakamdunga mwingine chini ya fuvu, na aliyefuata, na aliyefuata. Mwanzoni sungura alikaa siku kama 15 kabla ya kuugua. Baada ya kupitisha sungura wengi, muda huo ulishuka hadi siku 7, ukatulia hapo. Kupooza kwa sungura kukawa saa yao ya ukutani. Kisha walitoa ule ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo, wakauning'iniza kwenye chupa yenye dawa ya kunyonya unyevu. Kadiri ulivyokauka ndivyo makali yalivyopungua, na baada ya wiki mbili hivi haukuwa na madhara tena.

Tarehe 6 Julai 1885 aliletwa mtoto wa miaka 9 kutoka Alsace, Joseph Meister, aliyekuwa ameraruliwa na mbwa siku mbili kabla. Alidungwa mara 13, wakianza na ugwe mkavu kabisa na kumalizia na ule mbichi. Mtoto akapona.

Hapo niliweka simu chini. Nikiwa darasa la tano niliumwa na mbwa, njia ya kwenda kiwanda cha majani chai. Mama alinibeba mgongoni hadi hospitali, nikadungwa, nikarudi tena na tena hadi dozi ikaisha. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya mwaka wa 1912, na hadi leo kinaua watu, wengi wao watoto. Chanjo za siku hizi hazitoki tena kwenye migongo ya sungura, zinakuzwa kwenye seli za maabara. Lakini baadhi ya virusi vinavyotumika kuzitengeneza ni uzao wa vile vile vya Pasteur, vilivyopita sungura mmoja baada ya mwingine. Sijui nilidungwa ya aina gani. Najua tu kwamba mimi niko hapa, na Padre yuko kwenye katoni kando ya kitanda, miguu imelala.

Padre hana kichaa cha mbwa, hilo niliondoa haraka. Ugonjwa wake, kama ni ugonjwa na si uzee tu, una historia ya pembeni zaidi. Mwaka wa 1922 watafiti wawili, Wright na Craighead, waliandika kuhusu sungura wachanga waliopooza, na kimelea kidogo sana walichokiona ndani ya miili yao. Mwaka uliofuata Constantin Levaditi na wenzake, Paris tena, wakakipa jina: Encephalitozoon cuniculi. Wakati huo dunia ilikuwa inahangaishwa na ugonjwa wa ubongo uliolaza watu usingizi, na wanasayansi walikuwa wakiwadunga sungura kutafuta chanzo chake. Wakipasua ubongo wa sungura wanakuta uvimbe, wanashangilia, kumbe sungura alikuja nao kutoka bandani. Kimelea kikaingia vitabuni kwa kuharibu majaribio ya watu. Nani angejali kumtibu sungura ambaye wiki ijayo anapasuliwa?

Kinasambaa kwa mkojo, na mama anaweza kuwapa watoto wake. Sungura wengi wanakibeba maisha yao yote bila shida. Kwa wengine, hasa kinga ikishuka, kinashambulia ubongo, figo na macho: shingo inapinda, miguu ya nyuma inalegea. Mtu mwenye kinga dhaifu naye anaweza kukipata, ndiyo maana sasa nanawa mikono kama daktari wa upasuaji. Mwaka wa 2001 vinasaba vyake vyote vilisomwa, herufi kama milioni 2.9 tu. Siku hizi kinahesabiwa upande wa kuvu, ukoo mmoja na uyoga.

Na ukoo huo una tawi karibu na kwetu. Mwaka wa 2020 watafiti wa icipe, wenye kituo Mbita, ufukweni mwa Ziwa Victoria, walitangaza jamaa wa kimelea hiki anayeishi ndani ya mbu. Mbu aliye naye hapitishi vimelea vya malaria. Ukoo uleule unaoweza kumlaza Padre unaweza kutusaidia na malaria, na mbu mwenyewe haelekei kudhurika.

Wiki ilikuwa inaisha. Nilimpigia daktari wa mifugo, akacheka kwanza. "Sungura wa miaka tisa? Na bado hamjamla?" Halafu akawa makini. Akauliza kama aliangushwa, maana mifupa ya sungura ni myepesi, teke lake mwenyewe linaweza kuvunja mgongo. Akauliza kuhusu kucha, vidonda vya nyayo, mkojo. Akasema inaweza kuwa baridi yabisi ya uti wa mgongo, inaweza kuwa kile kimelea, na damu ikipimwa inaonyesha tu kama amewahi kukutana nacho. Tujaribu fenbendazoli, ile ile ya minyoo ya mbuzi: miligramu 20 kwa kila kilo, siku 28. Neva iliyokufa haitafufuka, akaniambia wazi.

Padre ana kilo mbili. Kwa chupa ya asilimia 10 pale agroveti, hiyo ni mililita 0.4, tone dogo la kuchekesha. Namnywesha jioni kwa sirinji isiyo na sindano. Nimemtandikia blanketi kuukuu juu ya nyasi kavu, maji nimeyashusha kwenye kisahani. Namsafisha nyuma mara mbili kwa siku, nzi wasije wakataga. Hafiki tena kula kile kinyesi laini ambacho sungura hukila moja kwa moja kutoka mkunduni, kwa hiyo nakiokota namwekea mdomoni. Makala ya kazi hii hakuna mhariri ameniagiza.

Leo ni siku ya 19. Mguu wa kushoto unasukuma kidogo, wa kulia bado. Jana nilichelewa Kisii mjini, matatu ilijaza polepole, nikafika giza limeingia. Nilimkuta Padre mkavu, nyuma ameshapanguswa, kichwa chini ya majani ya viazi vitamu. Taulo lililoanikwa kwenye kamba halikuwa langu.

"Magokoro, umempa dawa?"

"Ile ya mbuzi? Nimempa. Ameuma kidole changu."